UZI: Kupanga madirisha ya kompyuta kwa FancyZones, kwa sisi tunaoshinda na Excel, email na WhatsApp kwenye skrini moja

#1 Mpanga Safari

Wakuu, heshima kwenu.

Nafanya kazi ya kupanga safari kwenye ofisi ya utalii hapa Arusha, pande za Kijenge. Kazi yenyewe iko hivi: mteja wa Ujerumani kaandika, anataka Tarangire, Serengeti na Ngorongoro, kisha apande Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho. Ili nimjibu nahitaji email yake, Excel ya gharama, viingilio vya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), viingilio vya Mamlaka ya Ngorongoro (hawa wana orodha yao peke yao, wageni wengi wa kazi hii hawajui), na WhatsApp ya watu wa lodge wanaoniambia kama vyumba vipo. Vitu vitano kwa jibu moja. Kuanzia Juni mpaka Oktoba email za namna hiyo zinapanga foleni, na kila mteja amewaandikia ofisi nyingine pia, kwa hiyo anayejibu wa kwanza na bei iliyokaa sawa ndiye anayekula.

Wengi wanahangaika na Alt+Tab. Ukimtazama mtu wa Alt+Tab akifanya kazi, vidole vyake viko vizuri tu. Shida ni kwamba anasoma namba kwenye dirisha moja, anaibeba kichwani, anahamia dirisha la pili kuiandika, akifika hana uhakika kama ilikuwa ya mtu mzima au ya mtoto. Anarudi kuangalia. Hesabu za viingilio hukosewa hapo hapo njiani.

Kwa hiyo uzi huu ni wa namna ya kuyaweka madirisha yote mbele ya macho, kila moja mahali pake, bila kuyavuta pembe kwa pembe kila asubuhi.

Chombo chenyewe. PowerToys ni mkusanyiko wa zana ndogondogo za bure za Microsoft. Jina ni la zamani, lilikuwepo enzi za Windows 95, likalala, likaamshwa mwaka 2019 kwa ajili ya Windows 10, safari hii msimbo ukiwa wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. FancyZones ilikuwemo tangu toleo la kwanza la mwaka huo. Kazi yake moja: unachora kanda kwenye skrini, kisha dirisha lolote unaloliachia ndani ya kanda linajinyoosha na kuijaza yote.

Ipo Microsoft Store, au fungua Terminal uandike `winget install Microsoft.PowerToys`. Ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo kama uko kwenye bando la simu subiri ufike kwenye Wi-Fi ya mtu.

Ikishakaa, anza kwa kuzima. Inakuja na zana kibao na kila moja ina swichi yake. Mimi nimeacha FancyZones na Always On Top (Win+Ctrl+T, dirisha linabaki juu ya mengine yote, kikokotoo changu kinaishi hapo). Zilizobaki nimezifunga, kompyuta ya ofisi haina RAM ya kuchezea.

Kuchora ramani. Bonyeza Win+Shift pamoja na ile alama ya ` iliyo chini ya Esc. Utakuta ramani za tayari: za nguzo, za safu, za gridi. Zipite. Ramani hizo zimechorwa na mtu ambaye hajui unafanya kazi gani.

Chukua skrini ya kawaida ya inchi 24, pikseli 1920 kwa 1080. Ukiikata nguzo tatu sawa, kila moja inapata 640. Excel ya gharama kwenye pikseli 640 ni mateso, utashinda unaisukuma kulia na kushoto. Na kama Windows imekuza maandishi kwa asilimia 125, ile 1920 inatumika kama 1536 tu, theluthi yake 512. Hapo kuna programu zitakataa kabisa kuingia, kwa sababu zina upana wa chini ambao hazishuki, na utaona dirisha limemwagikia kanda ya jirani. Watu wanalaumu FancyZones, wakati mwenye kosa ni aliyekata.

Mimi nakata kwa kazi ya macho. Kuna kitu kimoja unachoandika, na kuna vitu unavyosoma ili uandike. Unachoandika kipe eneo kubwa. Unavyosoma vibane pembeni, email haihitaji upana, mistari mifupi inasomeka hata vizuri zaidi. Ramani yangu ina kanda tatu: kulia pikseli 1200 hivi za Excel au Word, kushoto 720 zilizobaki, zimekatwa juu na chini. Juu email, chini viingilio.

Kuchora: chagua Create new layout, halafu Grid. Mstari unafuata kipanya, unabofya pale unapotaka kukata. Ukishika Shift mstari unasimama wima. Ukitaka kuunganisha kanda mbili, buruta kutoka moja hadi nyingine, itakuuliza kama uziunganishe. Ile ya Canvas, ambayo kanda zinaweza kupandana, iacheni kwanza.

Kuna nafasi wanaiacha kati ya kanda na kanda, inakuja ikiwa 16. Weka 0 au 4. Hiyo 16 ni ya watu wanaorekodi video wakionyesha madawati yao.

Kutumia. Shika dirisha kwa kichwa chake, anza kuburuta, *ndipo* ushike Shift. Kanda zitawaka, achia unapotaka. Ukiongeza Ctrl, dirisha linatanda kanda zaidi ya moja.

Lakini kipanya ni cha siku za kujifunza. Ingia kwenye mipangilio, washa ile inayoitwa Override Windows Snap. Kuanzia hapo Win na mshale vinahamisha dirisha kutoka kanda hadi kanda, mikono haitoki kwenye kibodi.

Na hii sasa, ambayo wengi hawaigusi: kanda moja inabeba madirisha mengi, moja juu ya jingine. PDF ya TANAPA na PDF ya Ngorongoro zote zimelala kanda ya chini kushoto. Win+PgDn inaleta inayofuata, Win+PgUp inarudisha. Hii ndiyo inayofanya kanda tatu zitoshe madirisha kumi. Sharti kila PDF ifunguke kama dirisha lake, siyo tabo ndani ya brauza, maana FancyZones inaona madirisha, tabo haizioni.

WhatsApp sijaipa kanda. Inakaa kwenye desktop ya pili: Win+Ctrl+D kuifungua, Win+Ctrl na mshale wa pembeni kwenda na kurudi. Watu wa lodge wako humo, lakini na kundi la ukoo liko humo humo, na mgeni akiwa ameketi mbele ya meza yako akisubiri bei hatakiwi kuona michango ya harusi.

Karibuni maswali.

---

#2 Chalii wa Sakina

Mkuu uzi mzuri ila unajipa kazi. Windows 11 si ina hii tayari? Win+Z unachagua vyumba, umemaliza. Kwa nini nibebe mamia ya megabaiti kwa kitu ambacho kipo?

---

#3 Mpanga Safari

Chalii yangu, kama Win+Z inakutosha baki nayo, sikuuzii kitu.

Microsoft wamelijenga jambo hili polepole. Windows 7 mwaka 2009 ilitupa nusu kwa nusu, Windows 10 ikaongeza pembe nne, Windows 11 mwaka 2021 ikaleta hiyo Win+Z. Kila hatua imekuwa nzuri. Ila vyumba vya Win+Z wamevikata wao. Unaweza kuvuta mpaka kati ya madirisha mawili ukapata 1200 kwa 720, lakini kesho ukianza upya unavuta tena. FancyZones inautunza mchoro wako ulivyo. Na ule ujanja wa kurundika madirisha kwenye kanda moja na kuyapitia kwa Win+PgDn, kwa Win+Z sijaukuta.

Mkiamua kutumia FancyZones kwenye Windows 11, nendeni System, kisha Multitasking, mzime vile viboksi vinavyoshuka juu ya skrini ukianza kuburuta dirisha. Vinagombana na Shift.

---

#4 mama_hesabu

Habari za kazi wote. Mimi niko Moshi, naandika vitabu vya biashara za watu. Nimefuata maelezo tangu mchana, kila kitu kinakubali: Chrome inaingia, Excel inaingia, hata kikokotoo. Lakini programu ya uhasibu, ambayo ndiyo niliyoitaka hasa, haisogei. Nikishika Shift kanda hazionekani kabisa. Nikiachia naona inabaki ilipokuwa. Shida nini?

---

#5 KijengeJuu

Dada futa PowerToys uiweke upya, wakati mwingine inakuja na hitilafu.

---

#6 Mpanga Safari

Usifute kitu dada. Angalia alama ya hiyo programu pale desktop, ina kangao kadogo ka rangi ya buluu na njano pembeni? Na ukiifungua Windows inakuuliza Yes au No kwanza?

---

#7 mama_hesabu

Ndiyo, inauliza kila siku.

---

#8 Mpanga Safari

Basi tumeshampata. Programu yako inafunguka kwa mamlaka ya administreta. Windows ina sheria kwamba programu ya cheo cha kawaida haiwezi kuamrisha dirisha la programu ya cheo cha juu, la sivyo kirusi chochote kingeweza kukubofyia Yes. PowerToys yako imefunguka kwa cheo cha kawaida, kwa hiyo inazuiwa mlangoni.

Njia mbili. Ya kwanza: kwenye PowerToys, ukurasa wa General, bofya pale pa kuianzisha upya kama administreta, kisha washa ile ya kuiendesha hivyo siku zote. Ya pili, ambayo naipenda zaidi: muulize aliyekuwekea programu ya uhasibu kama kweli inahitaji mamlaka hayo. Mara nyingi fundi aliweka hivyo siku ya kwanza ili asisumbuliwe, akaondoka. Programu ya kuandika risiti haina sababu ya kuwa na funguo za nyumba nzima.

---

#9 mama_hesabu

Njia ya kwanza imekubali. Ya pili nitamuuliza fundi, ila simu hapokei. Asante sana kaka, Mungu akubariki.

---

#10 Kahawa Chungu

Nami niko Moshi, upande wa kahawa. Nakubaliana na mengi ila kwenye ramani napingana na mleta uzi, na nitasema sababu.

Sisi kazi yetu ni kulinganisha. Bei ya New York ya arabika inatajwa kwa senti za Marekani kwa ratili. Mnada wa hapa Moshi unataja dola kwa kilo 50. Kilo 50 ni ratili 110 na kidogo, kwa hiyo New York ikisema senti 200, kwa kipimo cha hapa ni dola 220 na senti kadhaa. Hesabu ndogo, lakini unaifanya siku nzima na bei haitulii. Ninahitaji vitu vitatu vionekane kwa pamoja: grafu ya New York, katalogi ya mnada yenye mistari mingi ya loti, na Excel yangu.

Nilianza na nguzo kama za mleta uzi. Grafu ikawa nyembamba mpaka haina maana, muda unakwenda kulia, sasa ukiibana ubavu umeikata historia. Na katalogi ni jedwali pana. Nikageuza: nimekata kwa ulalo. Juu kabisa kipande kifupi cha pikseli 300 ni grafu, upana wote wa 1920. Chini yake katalogi kushoto na Excel kulia, nusu kwa nusu. Ndiyo, nusu kwa nusu, kwa sababu kwangu vyote viwili naandika: kwenye katalogi naweka alama, kwenye Excel naweka bei.

Kwa hiyo ile ya "unachoandika kipe kikubwa" haikai kwa kila mtu. Ningesema tazama kila kitu kinakua kuelekea wapi. Email na chati za WhatsApp zinakua kwenda chini, zipe nguzo. Grafu, kalenda na jedwali vinakua kwenda pembeni, vipe safu.

---

#11 Mpanga Safari

Hili limeenda shule. Kalenda yetu ya magari nayo ni jedwali la namna hiyo hiyo, siku zinakwenda kulia, magari yanashuka chini, na siku zote nimekuwa nikiifungua skrini nzima nikiona haiwezekani vinginevyo. Naichorea safu leo.

Uzuri unaweza kuwa na ramani zaidi ya moja. Ukiihariri ramani kuna mahali pa kuipa namba. Yangu ya bei ni 1, ya magari itakuwa 2. Ukibonyeza Win+Ctrl+Alt na namba, ramani inabadilika pale pale.

---

#12 Njiro Mwisho wa Lami

Sijaona aliyegusa jambo la umeme. Mimi nina laptopu na monita ya nje ya mtumba. Umeme ukikatika, laptopu inabaki kwenye betri lakini monita inazima. Madirisha yote yanakimbilia kwenye skrini ndogo ya laptopu, yanarundikana kama abiria wa daladala la asubuhi. Umeme ukirudi yanabaki huko huko, mengine yamenywea, nahamisha moja moja. Na kwetu huku umeme ukitaka kucheza unaweza kucheza mara tatu kabla ya chakula cha mchana. FancyZones inasaidia hapo au ndiyo yale yale?

---

#13 Mpanga Safari

Swali zuri kuliko uzi wenyewe. Inasaidia, lakini peke yake haitoshi.

Kwanza Windows. Kama uko Windows 11, nenda System, Display, Multiple displays. Kuna kisanduku cha kukumbuka mahali pa madirisha kulingana na monita iliyochomekwa. Kiweke alama. Chini yake kuna kingine cha kuyashusha madirisha monita ikichomolewa, nacho kiwashe, angalau umeme ukikatika hayatarundikana mbele yako.

Pili FancyZones. Washa ile ya kuyabakiza madirisha kwenye kanda zao vipimo vya skrini vinapobadilika. Washa pia ile ya kurudisha dirisha jipya kwenye kanda lilipokuwa mara ya mwisho, itakufaa pale utakapolazimika kufunga programu na kuifungua tena.

Tatu waya. Umeunganisha kwa waya gani?

---

#14 Njiro Mwisho wa Lami

DisplayPort. Nilishauriwa ndiyo bora.

---

#15 Kahawa Chungu

Ni bora kwa picha. Ila kwa DisplayPort, monita ikizima kompyuta mara nyingi inahesabu kwamba imechomolewa kabisa, ndiyo maana madirisha yanakimbia. Jaribu HDMI. Monita nyingi kwa HDMI hubaki zinatambulika hata zikiwa zimezimwa, na madirisha hayana habari. Nasema nyingi, siyo zote, inategemea monita.

Na dawa ya moja kwa moja ni UPS ndogo (betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika) ya monita tu. Monita ya LED ya inchi 24 inakula wati 20 au 30 hivi. Watu wananunua UPS kwa ajili ya laptopu ambayo ina betri yake tayari, halafu monita inachomekwa ukutani.

---

#16 Mpanga Safari

Hapo kwenye UPS umenena.

Niongeze moja kwa wote wenye monita mbili: siku dirisha likipotea, unaona programu iko wazi pale chini lakini haionekani popote, usizime kompyuta. Limebaki kwenye eneo la monita ambayo haipo. Lichague, bonyeza Alt na Space, kisha M, kisha mshale wowote mara moja. Sasa sogeza kipanya bila kubofya, dirisha litakuja limening'inia kwenye kipanya. Pia Win+Shift na mshale wa pembeni hulirusha dirisha kutoka monita moja kwenda nyingine.

---

#17 pinguini

Naona Windows tu hapa. Kwa wenye Linux: KDE Plasma, moja ya desktop za Linux, kuanzia toleo la 5.27 la mwaka 2023 ina mchoraji wake wa ndani, Meta+T (Meta ndiyo ile Win yenu), unakata vigae unavyotaka na ukiburuta dirisha huku umeshika Shift linaingia. Hakuna cha kupakua. Na wale wagumu kabisa tuna i3, programu ya Linux ya kupanga madirisha: hapo huchori chochote, kila dirisha jipya linakata nafasi lenyewe, na mipangilio yote ni faili moja la maandishi. Kipanya changu kina vumbi.

---

#18 Chalii wa Sakina

Wa Linux mkikaribishwa chai lazima mtaje majani mnayotumia nyumbani 😂

---

#19 pinguini

Kama majani ni mazuri kwa nini nisitaje.

---

#20 Bi Mdogo wa Sekei

Mac jamani? Ofisi ya boss wangu ni Mac tupu.

---

#21 pinguini

Rectangle, ni ya bure. Ctrl+Option na mshale ni nusu, Ctrl+Option+Enter ni skrini nzima. Na macOS Sequoia ya 2024 imeanza kuwa na yake ya ndani, ukilivuta dirisha mpaka ukingoni linajipanga.

---

#22 Rau Madukani

Mkuu mleta uzi, mimi nina duka la stationery hapa Moshi, laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na skrini ni ile ya 1366 kwa 768. Hii kitu itanifaa kweli au itaniua mashine?

---

#23 Mpanga Safari

Mangi, nitakuwa mkweli: kwako usiiweke. 1366 ukiikata mara mbili ni 683 kila upande, ukiikata mara tatu hakuna kinachosomeka. Kwenye skrini hiyo kanda za maana ni mbili, na mbili Windows inakupa bure kwa Win na mshale wa kushoto au kulia.

Kinachokufaa ni desktop nyingi. Moja iwe ya kuchapisha kazi za wateja, Word na folda ya flashi zao. Nyingine iwe ya hesabu za duka. Win+Ctrl na mshale kuvuka. Faida ya pili mteja akiinama kuangalia kazi yake haoni mauzo yako. Unapomaliza desktop, Win+Ctrl+F4 inaifunga, na madirisha yaliyokuwamo yanahamia ya jirani, hayapotei.

Na kama bado uko Windows 10, kumbuka Microsoft walifunga huduma yake Oktoba 2025. Fedha ya kwanza ikipatikana iende kwenye kuhamia Windows 11, monita baadaye.

---

#24 Rau Madukani

Nimekupata. Nilikuwa najua Win+D tu.

---

#25 Bi Mdogo wa Sekei

Swali la mwisho kwa upande wetu wa Windows. Kila asubuhi lazima nifungue email, Excel ya bookings, ukurasa wa ndege na Word. Hakuna namna vyote vifunguke vyenyewe vikiwa vimekaa mahali pake?

---

#26 Mpanga Safari

Ipo, humo humo ndani ya PowerToys, inaitwa Workspaces, imekuja mwaka 2024. Panga madirisha yako mara moja unavyoyataka, bonyeza Win+Ctrl na ile ` ya chini ya Esc, iambie ipige picha ya mpangilio. Weka tiki kwenye Create desktop shortcut, itakutengenezea alama pale desktop. Asubuhi unabofya alama hiyo, vyote vinafunguka na kwenda kukaa mahali pake.

Angalizo: inakumbuka *programu*, haikumbuki *faili*. Excel itafunguka tupu. Kila programu kwenye orodha ina mahali pa kuandika maelekezo ya ziada, hapo ndipo uweke njia kamili ya faili la bookings, ndani ya alama za kunukuu kama jina lina nafasi. Kwa Chrome weka `--new-window` na anwani ya ukurasa. Usipofanya hivyo utaniandikia kesho kwamba haifanyi kazi.

---

#27 mama_hesabu

Nimerudi. Fundi kapokea simu, kumbe kweli programu haikuhitaji mamlaka yale, kaniondolea. Sasa nataka wasichana wangu wa ofisini wawe na ramani hiyo hiyo niliyochora, ili nikikaa kwenye kompyuta yoyote nikute vitu palepale. Nichore upya kila moja?

---

#28 Mpanga Safari

Hapana dada. Kwenye kompyuta yako fungua Run kwa Win+R, bandika:

`%LocalAppData%\Microsoft\PowerToys\FancyZones`

Utaona faili la custom-layouts.json. Hilo ndilo lenye michoro yako. Kwenye kompyuta nyingine weka PowerToys, iwashe mara moja, ifunge kabisa (bofya kulia alama yake karibu na saa, chagua kutoka), bandika faili hilo kwenye folda ile ile, uiwashe tena. Kisha fungua mchoraji uichague ramani, maana kuwepo kwenye orodha hakumaanishi imeshatandikwa kwenye skrini.

Kama uliichora kwa Grid, vipimo vimetunzwa kwa asilimia, kwa hiyo hata monita ya binti mmoja ikiwa ndogo kuliko yako itakaa sawa. Ulitumia Grid au Canvas?

---

#29 mama_hesabu

Grid. Ulituambia Canvas tuiache.

---

#30 Mpanga Safari

Basi nakili tu. Na ufute kwenye hiyo orodha ramani za majaribio kabla hujalipeleka, wasije wakaanza kuchagua.